Duka Lina Mfuko Wake: Maswali ya Wasomaji kuhusu Masomo ya Awali ya Biashara

Katika toleo lililopita tuliwaalika wasomaji watuandikie kuhusu masomo ya biashara ya mwaka wa kwanza chuoni. Barua nyingi zimetufikia, nasi tumechagua tano. Majina ya waandishi tumeyaacha, tukabakiza mji na kazi. Anayejibu ni mwalimu wa utunzaji wa hesabu ambaye, kabla ya kushika chaki, alikaa miaka mingi nyuma ya kaunta ya duka la baba yake.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninauza vitenge na khanga sokoni, huu ni mwaka wa tisa. Nilimaliza kidato cha nne nikapata daraja la nne, nikaolewa, nikaingia sokoni. Binti yangu ananisukuma nijiunge na masomo ya biashara ya jioni. Mimi najiuliza: mtu aliyesomesha watoto wanne kwa vitenge ataenda kufundishwa nini na kijana ambaye hajawahi kuuza hata kiberiti? *Mama wa vitenge, Morogoro*

JIBU: Marahaba, mama. Swali lako lina kiburi kidogo, na ni kiburi ulichokitolea jasho. Niseme kwanza yale ambayo chuo hakitakufundisha, kwa kuwa umekwisha kuyahitimu: kumtambua mteja anayepapasa kitambaa kwa sababu amekipenda na yule anayekipapasa akisubiri mvua ipite, kujua maua yatakayotoka msimu wa harusi na rangi zitakazokaa mezani hadi zipauke, na kumnyima jirani mkopo bila kuvunja ujirani. Hakuna mtaala unaoyaweka hayo katika muhula mmoja, na kijana atakayekufundisha, akiwa na busara, atakuomba uyasimulie darasani.

Kitu kikubwa utakachokipata chuoni ni kimoja, na vingine vyote vinaning'inia juu yake. Utafundishwa kuitazama biashara yako kama mtu mwingine kabisa, mwenye mfuko wake, mali zake na madeni yake, na ambaye mmoja wa wanaomdai ni wewe mwenyewe uliyemwekea mtaji. Jambo hili hufundishwa katika kipindi cha kwanza au cha pili, nalo hupitwa haraka kwa sababu linaonekana jepesi. Nawe huenda unalijua tayari kwa njia nyingine. Kama umewahi kuwa katika kikoba, fikiria lile sanduku lenye kufuli tatu, ambalo funguo zake zimegawanywa kwa watu watatu. Hata siku ambayo nyumbani hakuna unga, hakuna mwanachama anayethubutu kulifungua peke yake, achukue elfu tano na kuahidi kuirudisha kesho. Fedha zile ni za kikundi, ingawa zimetoka mifukoni mwenu. Sasa linganisha na pindo la khanga unamofunga mauzo ya siku. Humo hutoka nauli ya mtoto, mchango wa msiba na mboga ya jioni, na humo humo inatarajiwa itoke fedha ya kwenda kufunga mzigo Kariakoo.

Tulione kwa tarakimu, ambazo nimezitunga mimi, ingawa sidhani kama zitakuwa ngeni kwako. Mwezi mmoja umeuza vitenge vya shilingi 3,600,000, ambavyo wewe ulivinunua kwa 2,880,000. Faida ghafi ni 720,000. Toa pango la meza 150,000, ushuru na ulinzi 60,000, nauli na usafirishaji wa mzigo 90,000, na utabaki na 420,000, ambayo ndiyo faida halisi ya mwezi. Katika mwezi huo huo umechukua 15,000 kila siku kwa matumizi ya nyumbani, na kwa siku 30 hiyo ni 450,000. Hakuna hata kitenge kimoja ulichokiuza kwa hasara, wateja hawakukatika mezani, na bado umetoa 30,000 zaidi ya ulichozalisha. Kwa mwaka ni 360,000. Sokoni tuna jina la jambo hili, tunasema mtu anakula mtaji, lakini mara nyingi tunalisema mtaji ukishakatika, tena baada ya kuulaumu msimu, mkosi na majirani. Mwanafunzi wa muhula wa kwanza angeliona mwishoni mwa mwezi wa kwanza, kwa sababu amefundishwa kufungua ukurasa maalumu wa kile alichochukua mwenye biashara, na kuandika humo kila elfu moja inayotoka, pamoja na kile kitenge ulichomtunza wifi yako siku ya harusi. Wahenga waliosema kwamba mali bila daftari huisha bila habari walikuwa wanaizungumzia hesabu hii hii.

La pili linalostahili ada yako ni asilimia. Kitenge unachokinunua kwa 12,000 na kukiuza 15,000 kinakupa faida ya asilimia 25, kwa kuwa 3,000 ni robo ya 12,000. Hata hivyo, 3,000 hiyo hiyo ni asilimia 20 tu ya 15,000. Siku ukitangaza punguzo la asilimia 25, ukidhani kwamba unaisamehe faida na kurudi kwenye bei uliyonunulia, mteja atazitoa asilimia hizo katika bei iliyoandikwa, naye atakulipa 11,250. Umempa kitenge, ukamwongezea na shilingi 750 mkononi. Nimewaona wafanyabiashara wazoefu wakifanya punguzo la aina hii msimu wa sikukuu na kushangaa kwa nini fedha ya mzigo mpya haikutosha.

Kwa hiyo jiunge, ila anza na kidogo. Tafuta kozi fupi ya jioni ya utunzaji wa hesabu kabla ya kujifunga na astashahada ya mwaka mzima, na ukiingia darasani nenda na daftari lako la soko, hata kama limechakaa. Zoezi litakalofanywa kwa hesabu zako mwenyewe hutalisahau, nawe utakuwa mwanafunzi pekee ambaye mwalimu hawezi kumdanganya kuhusu bei ya kitenge.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa astashahada ya uhasibu, muhula wa kwanza. Urari wangu, yaani ile orodha ya debiti na krediti za akaunti zote, haulingani, nikirudia mara tatu ninapata tofauti tatu. Tunaambiwa debiti ni kinachoingia na krediti ni kinachotoka, lakini mkopo wa benki unaingia na bado unaandikwa krediti. Halafu maelezo yote ni ya Kiingereza, nami nikisoma ukurasa mmoja nimechoka. Nimefikiria kuhamia kozi nyingine. *Mwanafunzi, Mwanza*

JIBU: Usihame kwa sababu ya urari. Kanuni uliyopewa, ya kinachoingia na kinachotoka, ni nusu ya kanuni, na nusu ya kanuni huwatesa wanafunzi kuliko kukosa kanuni kabisa. Jaribu kujiuliza maswali mawili kwa kila tukio: thamani hii imetoka wapi, na imefikia wapi? Ilikotoka ni krediti, ilikofikia ni debiti. Benki imekukopesha shilingi 2,000,000. Zimetoka kwa mkopeshaji, basi akaunti ya mkopo inaandikwa krediti. Zimefikia katika akaunti yako ya benki, basi akaunti hiyo inaandikwa debiti. Umenunua sukari ya 300,000 kwa deni: imetoka kwa msambazaji, yeye krediti, imefikia katika manunuzi, nayo debiti. Umelipa umeme 40,000 taslimu: zimetoka katika fedha taslimu, zimefikia katika gharama ya umeme. Fanya matukio 20 ya namna hii kwa mdomo kabla ya kugusa kalamu, na utaona kwamba mkopo wa benki haukuwahi kuwa fumbo. Utaratibu huu wa kila tukio kuandikwa pande mbili si wa jana: mtawa wa Kiitaliano Luca Pacioli aliuchapisha Venice mwaka 1494, akieleza namna wafanyabiashara wa mji ule walivyokuwa tayari wakifanya, na ungali unafundishwa kwa misingi ile ile.

Kuhusu urari usiolingana, kuna mbinu ambazo wahasibu wakongwe hurithishana mezani. Kwanza jumlisha upya kuanzia chini kwenda juu, kwa maana jicho lililokosea likishuka huenda likapatia likipanda. Ikiwa tofauti imebaki, angalia kama kuna kiasi kilichoandikwa upande mmoja tu na kusahauliwa upande wa pili. Kiasi hicho kitakuwa sawa na tofauti yenyewe. Kisha igawe tofauti kwa mbili. Ukiwa na tofauti ya 72,000, tafuta 36,000 iliyoingizwa upande usiokuwa wake. Mwisho igawe kwa tisa. Ikigawanyika bila kubakiza, yawezekana umegeuza tarakimu mbili: aliyeandika 4,500 badala ya 5,400 atapata tofauti ya 900, na 900 kwa tisa ni 100 kamili. Mimi bado hufurahi kila ninapoiona hii ya tisa ikifanya kazi, na wanafunzi wangu huniona kama mtu mwenye matatizo.

Ujue pia kwamba urari uliolingana si ushahidi wa usahihi. Ukiandika malipo ya umeme katika akaunti ya pango, pande zote mbili zitalingana vizuri huku hesabu ikiwa na kosa, na tukio ulilolisahau kabisa halitaacha alama yoyote. Ndiyo maana mtihani mzuri hauishii kwenye urari.

Sasa Kiingereza. Malalamiko yako nayaelewa, kwa kuwa nasi tulipita humo. Mwaka wangu wa kwanza, katika chuo ambacho sitakitaja, mwalimu alitusomea nukuu muhula mzima, sisi tukiandika, na nilifaulu mtihani bila kuwahi kushika stakabadhi hata moja ya kweli. Niliporudi likizo, baba alinimwagia mezani kopo la maziwa ya unga lililojaa stakabadhi za miezi miwili, akasema, "Haya, msomi." Nilikaa nazo hadi usiku nikizipanga kama karata. Neno nililokuwa nimelikariri kwa Kiingereza sikulitambua lilipokuja limeandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne. Tangu siku ile nilikuwa na daftari la safu tatu: neno la darasani, neno la Kiswahili, na mfano mmoja kutoka dukani. Leja, jarida, urari, mizania, ankara, stakabadhi, uchakavu, wadaiwa, wadai: maneno haya tunayo, tena mengi yanatumika ofisini kila siku. Lielewe jambo kwa Kiswahili, kisha ujifunze kulijibu kwa Kiingereza, kwa sababu mtihani utakuja kwa lugha hiyo upende usipende. Wanaofanya kinyume chake hukariri maneno ambayo hayajashika kitu chochote.

SWALI: Kijana wangu amemaliza kidato cha nne na ana alama D nne: Kiswahili, Uraia, Jiografia na Baiolojia. Hisabati amepata F. Je, anaweza kuingia chuo cha biashara, na njia hiyo inafika kwenye shahada au ni ya kupotezea muda? *Mzazi, Tanga*

JIBU: Anaweza, ndugu mzazi. Kwa utaratibu wa vyuo vilivyo chini ya NACTVET, yaani baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, kiwango cha chini cha kuingia ngazi ya 4, ambayo ndiyo astashahada ya awali, ni ufaulu wa masomo manne kuanzia alama D, masomo ya dini hayahesabiwi. Kijana wako anayo manne. Baada ya mwaka mmoja huingia ngazi ya 5, na mwaka wa tatu ngazi ya 6, ambayo ni stashahada. Mwenye stashahada aliyepata wastani usiopungua 3.0 anaweza kuomba shahada katika fani inayohusiana. Aliyetoka kidato cha sita akiwa na ufaulu unaotakiwa huanzia ngazi ya 5, kwa hiyo humaliza stashahada kwa miaka miwili.

Hata hivyo, kiwango cha chini ni mlango wa nje tu. Chuo kinaweza kuongeza masharti yake kwa kozi fulani, na kozi za uhasibu ndizo ambazo hisabati huulizwa mara nyingi, kwa hiyo soma masharti ya kozi yenyewe kabla ya kulipia fomu. Kama kijana ana moyo, arudie Hisabati kama mtahiniwa wa kujitegemea huku akisoma. Hesabu za biashara za mwaka wa kwanza zimejaa asilimia, uwiano, riba na grafu chache, na anayejua kugawana fedha za mchezo wa mpira mtaani hana sababu ya kuziogopa.

Vyuo vya umma vyenye historia ndefu katika fani hii vipo. Chuo cha Ushirika cha Moshi, ambacho sasa ni chuo kikuu, kilianza mwaka 1963. Chuo cha Elimu ya Biashara, maarufu kama CBE, kilianzishwa mwaka 1965 na kina kampasi Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Mbeya. Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kilianzishwa mwaka 1972. Vipo pia vya binafsi vinavyofundisha vizuri. Unapokwenda katika chuo usichokijua, hakiki mambo mawili kwa NACTVET yenyewe, wala usitegemee bango la barabarani: kwamba chuo kimesajiliwa, na kwamba kozi hiyo hiyo anayoiomba imepewa ithibati. Chuo kinaweza kuwa na la kwanza kikakosa la pili.

SWALI: Tulifundishwa kutafuta kiwango cha mauzo kisicho na faida wala hasara. Nikaamua kukijaribu kwa kuuza sharubati karibu na hosteli. Gharama za kila mwezi, yaani kukodi jokofu, meza na umeme, ni 150,000. Kikombe kimoja kinanigharimu 600, ninakiuza 1,000. Nikakokotoa nikapata vikombe 375. Mwezi wa kwanza nikauza vikombe 420, lakini mwisho wa mwezi sikuwa hata na fedha ya kununulia maembe. Je, kanuni ni ya uongo? *Mwanafunzi wa stashahada, Dodoma*

JIBU: Kanuni haijakudanganya, na hesabu yako ni sahihi. Kila kikombe kinaacha 400 baada ya kulipa gharama zake, na 150,000 gawa kwa 400 ni 375. Vikombe 45 vilivyozidi vilipaswa kukupa faida ya 18,000. Napenda sana kwamba umeijaribu mtaani badala ya kuiacha kwenye karatasi ya mtihani, kwa kuwa sasa una swali ambalo wenzako darasani hawana.

Tuanze na neno "nimeuza". Je, vikombe 420 vililipwa vyote? Hosteli ni mahali pa "nitakupa boom likitoka", yaani fedha za mkopo wa wanafunzi. Kama vikombe 90 viliondoka kwa ahadi, kwenye daftari umeuza shilingi 420,000, lakini mkononi zimefika 330,000. Uliyotumia, ukijumlisha vikombe vyote kwa 600 na zile 150,000, ni 402,000. Hapo una faida ya 18,000 na upungufu wa fedha wa 72,000, na yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Mwaka wa kwanza humlazimisha mwanafunzi kuandaa taarifa ya faida na hasara peke yake na mtiririko wa fedha peke yake, nao wengi huona ni kuwachosha tu. Sasa wewe umejua kwa nini ni karatasi mbili.

Halafu kuna mawazo ambayo kanuni inayabeba kimyakimya. Inachukulia kwamba gharama ya kikombe haibadiliki, ilhali embe la Desemba na embe la Mei si bei moja. Inachukulia kwamba ulichotengeneza ndicho ulichouza, ilhali sharubati iliyolala na umeme ukakatika humwagwa asubuhi, na vikombe vilivyomwagwa vilikugharimu 600 kila kimoja bila kuleta hata senti. Umehesabu vikombe vilivyouzwa. Je, uliwahi kuhesabu vilivyotengenezwa? Na inachukulia kwamba mwezi ni mwezi, ingawa wewe unajua chuo kikifungwa hosteli inabaki na mlinzi na paka, huku jokofu likiendelea kudai kodi. Igawe 150,000 kwa siku ambazo wanafunzi wapo kweli. Zikiwa 30, lengo lako ni vikombe 13 kwa siku, zikiwa 20 ni vikombe 19, na hiyo ni biashara tofauti kabisa.

Swali la mwisho, ambalo kanuni hailiulizi: ulijilipa nini? Umekamua matunda kila jioni kwa mwezi mzima, na katika hesabu yako kazi hiyo ni bure. Inawezekana umekubali hivyo kwa kuwa unajifunza, na mimi sikulaumu. Ila liandike mahali, ili siku utakapomwajiri mtu usishangae faida ilikokwenda. Kwa sasa weka ukurasa wa wadaiwa, panga kwamba mkopo hauzidi vikombe viwili kwa mtu, na upeleke daftari hilo kwa mwalimu wako wa uhasibu wa gharama. Ningekuwa mimi, ningelifanya kuwa zoezi la darasa zima.

SWALI: Nina duka la mabegi Kariakoo. Mwezi uliopita nilichukua mali kauli mabegi 60 kwa msambazaji ninayefahamiana naye, hatukuandikishana. Paa la stoo likavuja, mabegi 22 yakaharibika. Yeye anadai alipwe yote. Mdogo wangu anayesoma sheria ya biashara chuoni anasema bila maandishi hakuna mkataba, kwa hiyo nisilipe. Ni kweli? *Mfanyabiashara, Dar es Salaam*

JIBU: Mdogo wako arudi darasani, tena akae mbele. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inaangalia kama watu wenye sifa ya kuingia mkataba wamekubaliana kwa hiari, kwa kubadilishana kitu cha thamani na kwa lengo halali. Maneno ya mdomo yanaweza kutimiza yote hayo, na biashara kubwa ya Kariakoo imesimama juu yake. Maandishi yanasaidia kuthibitisha kilichosemwa. Kukosekana kwake hakufuti deni.

Swali la kweli ni jingine, nalo ni zuri kwa sababu ndilo ambalo neno "mali kauli" hulificha. Siku mliyokubaliana, ulinunua mabegi yale kwa deni, au uliyachukua ukauze, na yasiyouzika uyarudishe? Mitaani mambo haya mawili yanaitwa kwa jina moja. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inayatenganisha. Kwa kanuni ya jumla, pasipo makubaliano mengine, hatari ya kuharibika kwa bidhaa humfuata mwenye umiliki. Ukiwa ulinunua kwa deni, umiliki ulikuwa wako tangu mwanzo, na paa lililovuja lilivujia mali yako. Ukiwa uliyachukua kwa sharti la kuuza au kurudisha, umiliki huhamia kwako unapoonyesha kuyakubali, kwa mfano kwa kuyauza, au unapokaa nayo kupita muda mliopeana, au muda wa kadiri kama hamkupeana. Hapo una hoja kuhusu yale 22, ingawa naye anaweza kuuliza ulikuwa unayatunza vipi, na kama ulijua kwamba paa ni bovu. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, swali la mali iliyoungua ilikuwa ya nani halikuwa la kinadharia.

Kwa hali yako, angalia kwanza mmekuwa mkifanyaje miaka yote. Kama umewahi kumrudishia mabegi yasiyouzika naye akayapokea bila neno, huo ni ushahidi wa aina ya makubaliano yenu, na huenda jumbe za simu zenu zina tarehe na idadi. Usizifute. Mlipe mabegi uliyokwisha kuyauza bila kusubiri mjadala, kwa sababu hayo hayana ubishi na kuyashikilia kutakuharibia jina. Yaliyobaki mazima mwonyeshe. Kwa yale 22 nenda naye hadi stoo, yahesabuni pamoja, mtenge yanayoweza kuuzwa kwa bei ya chini baada ya kukaushwa, kisha mzungumzie tofauti. Ikishindikana, mwone wakili kabla ya kutia saini chochote.

Na mzigo ujao chukua kwa karatasi moja yenye nakala mbili: tarehe, idadi na aina ya mabegi, bei ya kila moja, siku ya mwisho ya kulipa, kama yasiyouzika yanarudi au hayarudi, na nani anabeba hasara yakiharibika yakiwa dukani kwako. Mistari mitano inatosha, kwa Kiswahili, saini mbili. Mdogo wako anaweza kuiandika, ataipata kama zoezi.